Picha nzuri ya supanova haikumsaidia mtu, zile mbaya ndo zilitumika

Nikisema nimewahi kupiga picha supanova watu wanadhani nilikuwa nimekaa naangalia juu halafu pap, nyota ikalipuka nikaiwahi. Haiendi hivo hata kidogo. Mi nilisoma taarifa kama wengine wote duniani. Ilikuwa Ijumaa tarehe 19 Mei 2023, Mjapani mmoja anaitwa Koichi Itagaki, si profesa wa chuo chochote, ni mtu ana darubini zake binafsi na supanova alizogundua maishani mwake zimeshapita 100, akaripoti kwamba kwenye mkono mmoja wa galaksi ya M101 kuna nukta ambayo haikuwepo. Magnitudi 14.9, yaani kipimo cha mwanga ambacho namba ikishuka mwanga unaongezeka. Usiku uleule darubini ya Liverpool Telescope kule La Palma, kisiwa cha Uhispania, ikachukua spektra yake, yaani mwanga uliochambuliwa rangi kwa rangi, ikaonekana ni Type II, yaani nyota kubwa iliyoporomokewa na uzito wake yenyewe, na jina ikapewa SN 2023ixf. Mi wakati huo nasoma masters Uingereza, chuo chetu kina darubini ya nusu mita kwenye kilima nje ya mji, na kwa bahati mwezi ndo kwanza ulikuwa unaanza upya kwa hiyo usiku hauna mbalamwezi. Kila mtu idarani akaanza kuulizia funguo za kuba, ile nyumba ya darubini.

M101 iko umbali wa miaka ya nuru milioni 21 hivi. Hili nimelieleza kwenye grupu la familia mpaka nimechoka, kwamba nyota ile haikulipuka Mei 2023, ililipuka enzi ambazo binadamu hata hajawaziwa, ni mwanga wake ndo umefika Mei 2023. Kaka yangu akajibu, "kwa hiyo mdogo wangu umekwenda Ulaya kupiga picha ya msiba wa zamani". Sawa kaka.

Kilichotokea kule ndani, kwa ufupi tu maana wengi wanakijua. Nyota kubwa inaishi kwa kuunganisha haidrojeni, ikiisha pale katikati inahamia heliamu, halafu kaboni, inaendelea hivohivo mpaka kiini kinajaa chuma, na chuma ukikiunganisha hakitoi nishati, kinakula. Basi hapo kiini kinaporomoka ndani ya muda usiofika sekunde moja, na karibu asilimia 99 ya nishati yote inaondoka kama nutrino, chembe ndogo mno ambazo kamera yangu wala ya mtu yeyote haizioni. Sisi wapiga picha tunagombania kilichobaki. Halafu wimbi la mlipuko linachukua muda kupanda mpaka juu, kwa nyota nyekundu kubwa kama hii ni kama siku nzima hivi, na likifika juu ndo nyota inawaka. Kwa hiyo yale masaa ya kwanza ya kuwaka ndo mali. Yanasema nyota ilikuwa na ukubwa gani na gesi gani ilikuwa imeitema kuizunguka kabla haijafa, na yakishapita hayarudi tena, hata uwe na darubini ya bei gani.

Sasa tatizo la Uingereza mwezi wa tano. Mi mtu wa Tanga, nimekua najua usiku ni masaa kumi na mbili basi, hauna mjadala. Kule mwishoni mwa Mei jua linazama saa tatu usiku, na hata likishazama anga la kaskazini linabaki na weupe fulani usioisha, na kuanzia hizo siku za mwisho wa Mei mpaka katikati ya Julai giza lenyewe la kitaalamu halipatikani kabisa sehemu tuliyokuwepo. Unaanza kazi saa tano usiku, ikifika saa tisa ndege wameshaanza kelele. Upande wa heri ni kwamba M101 iko kwenye kundi la nyota la Dubu Mkubwa, inafanya kama pembetatu na nyota mbili za mwisho za mkia, Mizar na Alkaid, na kwa latitudo ile wakati ule inapita karibu utosini kabisa ambako hewa ni nyembamba kuliko popote. Nyumbani Tanga ingepanda nyuzi 30 tu upande wa Mombasa halafu basi.

Ila utosini nako kuna mambo yake ambayo hakuna mtu aliniambia mapema. Darubini yetu inafuata nyota kwa ekseli iliyoelekezwa kwenye ncha ya anga, na kitu kikivuka mstari wa kaskazini-kusini lazima mtambo mzima ugeuzwe uende upande wa pili wa nguzo, la sivyo kamera inagonga nguzo. M101 ilikuwa inavuka ule mstari karibu saa tano na dakika kadhaa, yaani hapohapo anga linapoanza kuwa giza la maana. Kwa hiyo unafungua, unatafuta fokasi, unaanza, fundi anasema subiri, tunageuza, kuba nalo linazunguka kwa mlio wa chuma kwenye chuma unaousikia mpaka kifuani, halafu picha zote za baada ya hapo zinatoka zimepinduka juu chini ukilinganisha na za mwanzo. Programu inazilinganisha yenyewe baadaye, sawa, ila macho yako saa hizo za usiku yanachanganyikiwa vibaya.

Fremu ya kwanza, yaani picha moja, kamera ilifunguka kwa sekunde 20. Ilivyotokea kwenye skrini nilidhani tumelenga pengine. M101 unayoiona kwenye mabango, mikono imejikunja ya bluu na vinundu vya waridi, haipo. Kuna wingu jepesi la kijivu katikati, nyota chache za galaksi yetu wenyewe zimekatiza mbele, na pembeni nukta nyeupe kali karibu na kibaka kidogo cha ukungu. Kile kibaka ni NGC 5461, sehemu ya kuzaliwa nyota ndani ya M101 yenyewe. Fundi hakusema kitu, akafungua picha ya zamani ya eneo lilelile akaziweka zinabadilishana kwenye skrini, ya zamani, ya sasa, ya zamani, ya sasa. Kila kitu kimetulia isipokuwa ile nukta, ipo, haipo, ipo, haipo. Nilimwomba asiizime kwanza.

Hapo ndo nikajifunza jambo la kwanza la kiufundi, kwamba picha ya kupima na picha ya kuringia ni kazi mbili ambazo hazipendani. Galaksi ni hafifu, mwanga wake umetandazwa, ukitaka mikono ionekane unahitaji ekspoja ndefu, yaani kamera ikae wazi dakika tano tano, na uzirundike nyingi ziwe picha moja. Supanova kwa siku zile ilikuwa imeshafika karibu na magnitudi 11, yaani tangu Itagaki aione ilikuwa imeongezeka mwanga zaidi ya mara 30, na kamera yetu kila pikseli inahesabu mpaka 65,535 basi, ikijaa imejaa, kila kinachoingia baada ya hapo hakihesabiki. Kwenye ekspoja ya dakika tano ile nukta imejaa pomoni. Inapendeza kweli, ina miale, lakini ukiulizwa ina mwanga kiasi gani huna jibu, una jibu la "mwingi". Kwenye sekunde 20 haivutii mtu yeyote ila namba zake zinaaminika.

Tulifanya zote mbili maana binadamu ni binadamu. Ile ya kuringia niliitengeneza kwa rangi, nikaituma nyumbani, mama akaiweka profile ya WhatsApp na akawa anawaambia wenzake wa kikoba kwamba ile nyota ya kulia kaipiga mwanangu. Akanitumia voice note, "Mwanangu, na huku kwetu inaonekana?" Nikamwambia hii hapana mama, kwa macho matupu haionekani popote, lakini Februari 1987 ililipuka moja kwenye wingu la Magellan, galaksi ndogo jirani na yetu, miaka ya nuru 168,000 tu, ile hata wa Tanga akitoka nje usiku akaangalia kusini kusiko na taa angeiona bila kifaa chochote. Akakaa kimya kidogo halafu akasema 1987 alikuwa na mambo mengine. Hahaha, haya mama.

Mambo yaliponichoma hasa ni kwa mzee mmoja mstaafu wa klabu ya wapenda anga pale mjini. Huyu mzee ana darubini ya sentimita 20 kwenye bustani yake nyuma ya nyumba, na ndo alinionyesha supanova kwa jicho, siyo kwa skrini. Unaweka jicho, unasubiri, unaangalia kidogo pembeni siyo moja kwa moja, na nukta ya kijivu inatokea peke yake maana galaksi yenyewe pale mjini haionekani kabisa kwa taa. Sasa wakati tunakunywa chai akasema, kama jambo dogo tu, kwamba Alhamisi usiku, tarehe 18, usiku mmoja kabla ya tangazo, alikuwa anapiga M101 kwa ajili ya picha ya ukutani.

Nikaweka kikombe chini. Unajua maana yake? Mahesabu ya baadaye yanaonyesha mwanga wa kwanza ulianza kutoka jioni ile ile ya tarehe 18 kwa saa za Ulaya. Yaani huyu mzee alikuwa amefungua kamera wakati nyota inaanza kuwaka, fremu baada ya fremu, na kila fremu ingekuwa kipimo kimoja cha yale masaa ambayo nimesema hayarudi. Tukaenda kwenye kompyuta yake, akafungua picha, nzuri sana kwa kweli, na pale pembeni ya NGC 5461 nukta ipo, hafifu, ipo. Nikamuuliza fremu moja moja ziko wapi. Akasema kila akimaliza kuzirundika kuwa picha moja anafuta zile za mwanzo, diski inajaa.

Ile picha moja ni wastani wa usiku mzima. Nukta ambayo saa nne ilikuwa karibu haipo na saa nane imeshapanda, zote zimechanganywa zikawa namba moja isiyo na saa. Tulijaribu programu ya kurudisha mafaili yaliyofutwa ikaleta vipande vipande visivyofunguka. Mzee mwenyewe alichukulia vizuri kuliko mimi, mi nilirudi na basi nimenuna njia nzima.

Na wapo waliotunza. Watu wa kawaida kabisa wa sehemu mbalimbali za dunia waliokuwa wanapiga M101 usiku ule kwa ajili ya uzuri wake tu, hawakujua chochote, baada ya tangazo wakarudi kwenye mafaili yao wakakuta nukta, na kwa sababu fremu zipo moja moja na saa imeandikwa, wataalamu wakaweza kufuata nyota ikipanda saa kwa saa. Hizo data zimeingia kwenye tafiti halisi. Hakuna darubini kubwa duniani iliyokuwa inaangalia pale muda ule kwa makusudi, ingejuaje?

Kuanzia pale nikawa mkali kuhusu saa mpaka wenzangu wakanichoka. Fremu ikihifadhiwa kwenye faili la FITS, aina ya faili la picha za anga, inabeba maelezo yake kichwani, muda ilipofunguka, filta (kioo kinachopitisha rangi fulani tu), ekspoja, joto la kamera. Lakini muda huo ni saa ya kompyuta, na kompyuta ya kuba kama haijaunganishwa na saa sahihi kwenye intaneti inachelewa taratibu bila kukuambia. Halafu kuna saa zipi? Uingereza kiangazi wako saa moja mbele ya UTC, ile saa ya kimataifa, nyumbani masaa matatu mbele, na usiku wa manane tarehe inabadilika katikati ya kazi, ukiandika "tarehe 24 usiku" hakuna anayejua ni usiku wa kuamkia au wa kuelekea. Wanaastronomia walishalimaliza hili zamani kwa kuhesabu siku kwa Julian Date ambayo inaanza saa sita mchana, usiku mzima unabaki siku moja. Mswahili anaielewa kirahisi, kwetu pia siku haivunjiki saa sita usiku, inabadilika jua likizama. Mi nikawa naandika kila kitu UTC kwenye daftari na kwenye faili, basi.

Wiki zikaenda. Nikasema nipige fremu zilezile za sekunde chache, filta zilezile, nyota zilezile za kulinganishia ambazo AAVSO, chama cha waangalizi wa nyota zinazobadilika mwanga, wanatoa chati zake zenye magnitudi zinazojulikana, kila usiku ulio wazi. Ni kazi ya kuchosha, sitadanganya. Jioni kabla nyota hazijatoka unapiga fremu za anga jeupe tupu, zile za flati, ili baadaye uondoe madoa ya vumbi lililokaa kwenye filta, maana chembe moja tu inatengeneza kivuli kama pete, na pete ikiangukia juu ya supanova yako unapata kushuka kwa mwanga ambako hakupo. Unapiga na fremu za giza kamera imefunikwa. Unatumia muda mwingi kupiga picha za kitu ambacho hakipo kuliko kilichopo. Kwa weupe wa jioni za Uingereza angalau flati hazina haraka, Tanga jioni ni dakika chache tu giza limeshaingia, ungekimbizana.

Ila ndo hapo kitu kikaanza kuonekana ambacho hakuna fremu moja inaweza kukionyesha. Mwanzoni supanova ilikuwa na nguvu kwenye filta ya bluu, joto lake juu linapita nyuzi 10,000, halafu wiki baada ya wiki bluu inaanguka na nyekundu inakaa palepale karibu, haitaki kushuka. Ni kwamba lile ganda la haidrojeni linalopanuka likipoa mpaka nyuzi 6,000 hivi linaachia mwanga taratibu, tabaka kwa tabaka, na mwanga unakaa sawa kwa miezi kama miwili na zaidi. Kwenye vitabu mstari ule wa mwanga unaokaa sawa nilikuwa nimeuona tangu shahada ya kwanza. Kuuona unatokea kwenye nukta zako mwenyewe, nukta mbovu mbovu zenye mawingu katikati, ni jambo lingine kabisa.

Na kuna hili nalipenda sana. Wataalamu walivyotaka kujua nyota gani ililipuka walirudi kwenye picha za zamani za Hubble na za Spitzer, darubini za angani. Spitzer ilizimwa Januari 2020! Wakati huo ilikuwa na miaka mitatu imeshazimwa, lakini kwenye hifadhi yake kuna picha za M101 za miaka mingi, na pale pale kuna nyota nyekundu kubwa iliyojifunika vumbi, mwanga wake ukipanda na kushuka kwa mzunguko wa siku kama 1,000. Galaksi yenyewe ilikuwa imepigwa sana kwa sababu 2011 ililipuka humohumo supanova nyingine, SN 2011fe, ya aina tofauti. Aliyepiga picha zile hakuwa na habari na nyota hii hata moja.

Mwezi wa nane nikarudi nyumbani likizo, mwenzangu wa maabara, Mkenya, akashika zamu. Nilimwachia daftari na maelekezo mpaka akasema, "Dada, hata mama yangu hajawahi kuniandikia hivi." Baada ya muda si mrefu, niko Tanga nakula zangu embe, akanipigia usiku ana wasiwasi. Nukta imeshuka. Si kidogo, kila usiku anaopima iko chini zaidi, akafikiri ni ukungu kwenye lenzi, akafikiri ni mawingu membamba, akapiga flati upya. Nikamwambia nyota za kulinganishia zinasemaje. Akaangalia. Zote zimekaa palepale zilipokuwa tangu Mei, hata moja haijatikisika.

Basi ni yenyewe, ganda la haidrojeni limekwisha. Ilishuka zaidi ya magnitudi moja ndani ya wiki chache halafu ikaanza kuteremka polepole, na kuanzia hapo inayoiwasha ni kobalti ya mionzi iliyotengenezwa kwenye mlipuko wenyewe, ile inayopungua nusu kila siku 77. Jamaa alifurahi mpaka akasahau kunipigia kuhusu kodi ya nyumba tuliyokuwa tunadaiwa. Ameendelea nayo mpaka baridi lilipoingia, galaksi imeshashuka karibu na taa za mji, na akaniagiza nikirudi nije na korosho kilo mbili na diski mpya, ya zamani imejaa na hataki kufuta kitu.